Filamu kwa Masikio ya Shangazi

Shangazi yake mwandishi wa makala haya aliletwa Dar es Salaam kutoka Unguja kwa sababu ya macho. Presha ya jicho ilikuwa imekwisha kulizima la kushoto, na la kulia limebakiwa na mwanga mdogo tu: dirisha analitambua, mtu akipita mbele yake anamjua kwa kivuli, lakini sura haioni tena. Kliniki ilitaka awe anarudi mara kwa mara, ikaamuliwa akae kwa mtoto wa kaka yake badala ya kupanda boti kila miadi inapofika. Ndivyo sebule ya Magomeni ilivyopata mtazamaji wa filamu asiyekiona kioo, na tangu hapo hakuna filamu iliyowekwa jioni bila yeye kuuliza kwanza, "Leo picha gani?"

Mama huyu si mgeni wa sinema. Ujana wake ulipita Unguja ya enzi za Majestic ya Vuga na Empire, wakati picha la Kihindi lilijaza ukumbi hadi watu wakakosa tiketi, na wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao, wakivaa na kujifukiza udi kama waendao harusini. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilikuwa bado inarudishwa na kurudishwa alipokuwa msichana. Mother India ya 1957 alipelekwa na mama yake. Bobby ya 1973 alikwenda na shoga zake. Kihindi hakukijua wakati ule na hakijui mpaka leo. Hadithi aliifuata kwa macho: Nargis anavyoishika bunduki, uso wa mwanawe anayeelekezewa bunduki hiyo, vumbi, ng'ombe, jembe. Sasa mambo yamegeuka. Maneno anayaelewa yote, picha ndiyo imempotea.

Pembeni yake hukaa binti wa mwandishi, mwanafunzi wa darasa la saba. Hakuna aliyemtuma, lakini tangu jioni za mwanzo alijitwisha kazi ya kumsimulia bibi yake yale ambayo hayasemwi. Baada ya filamu chache tu mwandishi akaona kwamba wawili hao, bila kujua, wametengeneza mizani. Upande mmoja ni sikio la shangazi: je, watu hawa wanasema kama watu wa mahali wanapodaiwa kutoka? Upande wa pili ni mdomo wa binti: je, kuna kitu cha kusimulia, au picha ipo tu kwa kuwa filamu lazima iwe na picha? Maoni yaliyomo humu juu ya filamu walizotazama pamoja, mpya na za zamani, yamepimwa kwenye mizani hiyo.

Vuta N'kuvute iliwekwa kwa ombi la shangazi mwenyewe. Riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, aliisoma macho yakiwa mazima, na Yasmin na Denge anawajua kwa tabia na kwa makosa yao. Filamu, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilianza kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Mara ya mwisho nchi kufanya hivyo ilikuwa 2001, kwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshafikisha umri wa kupiga kura na kupita.

Ni filamu ya watu wasiosema sana. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume wa umri wa baba yake akamkimbia, hasimami katikati ya chumba kueleza huzuni yake. Ikhlas Gafur Vora anaicheza huzuni hiyo kwa shingo na kwa namna ya kugeuka. Kimya kilipozidi, shangazi alielekeza kichwa upande wa binti. "Kumetokea nini?" Na binti alikuwa na la kusema kila mara: ukuta umebanduka chokaa, mwanga umeingia kwa dirishani tu, wanatazamana, bibi, hawafanyi kitu lakini wanatazamana. Alisimulia polepole kwa sababu picha yenyewe ilikwenda polepole, na hakuishiwa. Siti Amina, anayecheza Mwajuma, ni mwimbaji katika maisha yake, jambo ambalo shangazi alilijua kabla hajaambiwa. "Huyu haigizi kuimba," alisema. "Pumzi hizi za taarabu, mwanangu."

Hata hivyo aliinuka na lawama, na ni lawama yenye haki. Riwaya ina siasa inayosemwa kwa sauti, ina mabishano ya vijana wanaompinga Mwingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950, na inavuka bahari hadi Mombasa. Filamu imebana yote hayo ili mapenzi ya Yasmin na Denge yapate nafasi. "Denge wa kitabuni ana maneno," shangazi alisema. "Huyu wamemnyamazisha." Mwandishi anaona kwamba Shivji alichagua sawa kuacha safari nyingi za riwaya, kwa kuwa dakika 90 haziwezi kubeba kitabu kizima, lakini katika kumpunguzia Denge maneno amempunguzia pia sababu ya kukamatwa. Mtu asiyesoma riwaya anaweza kumaliza filamu akijua Denge anapendwa, asijue hasa kwa nini serikali inamwogopa.

Kazi anayoifanya binti ina wakubwa wake. Kabla ya king'amuzi na intaneti, watu wa Dar es Salaam waliingia kibanda umiza kumsikiliza Lufufu, Derek Mukandala, akizisimulia filamu za Kimarekani na za Kichina kwa Kiswahili, akiwapa wahusika tabia za watu wa mitaani na kueleza kabla mtazamaji hajauliza. Baadaye sauti yake ikauzwa madukani pamoja na filamu zenyewe. Kenya ina DJ Afro, ambaye kwa mashabiki wake jina la mwigizaji halina uzito kama jina la msimulizi. Uganda kazi hiyo ina jina lake, VJ, na heshima yake, na hapo kuna mfano wa ajabu: Who Killed Captain Alex?, filamu ya 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, iliyotengenezwa kwa fedha isiyofika dola 200. Toleo lake lisilo na msimulizi halipo tena. Kilichosalia, na kilichotazamwa na mamilioni kwenye YouTube, ni kile chenye sauti ya VJ Emmie akishangilia, akionya na kutania kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wapo waliowabeza watu hawa kwamba wanaharibu kazi za wenzao. Mwandishi anashikilia kinyume chake. Kusimulia picha inayokimbia, kwa lugha safi, bila kukanyaga maneno ya wahusika, ni ufundi mgumu, na Afrika Mashariki imekuwa ikiufanya vibandani kwa miaka mingi. Kwingineko duniani filamu huwekewa sauti ya pili kwa ajili ya wasioona, inayoeleza kwa ufupi nani kaingia na kashika nini. Hakuna hata filamu moja ya Kiswahili iliyopita sebule ile ikiwa nayo. Mafundi wapo, wasikilizaji wapo, na inauma kuona mtoto wa darasa la saba akibeba kazi ambayo ingeweza kulipiwa.

Filamu ya Kenya, Nairobi Half Life, inaanza hasa na mtu wa namna hiyo. Mwas, kijana wa shamba, anauza filamu kwa mdomo: anazicheza mbele ya wateja, anarusha ngumi, anabadilisha sauti, mtu ananunua. Binti alipelekwa kulala mapema usiku huo kwa kuwa kuna damu na matusi, na usimulizi ukawa wa mwandishi mwenyewe. Lugha ni Sheng kwa sehemu kubwa. Shangazi aliuliza mara kadhaa, "Anasema nini huyu?" kisha akaacha kuuliza. Si kwamba aliyaelewa maneno yote. Alikuwa ameshajua nani anamtisha nani, nani anajikweza na nani anaficha woga. Hilo ndilo jambo ambalo mwongozaji David Gitonga, anayejulikana kama Tosh, alilipata: hakuwasafishia watu wake midomo. Angewapa Kiswahili cha taarifa ya habari, kila tishio lingekuwa la kusomwa.

Mwas anafika Nairobi, anaibiwa, anakamatwa bila kosa na kutupwa mahabusu, na huko analazimishwa kusafisha choo ambacho hakijapata kusafishwa. Mwandishi alipofika hapo alikwama. Kuna mambo mtu hawezi kuyatamka mbele ya dada wa baba yake. "Niache," shangazi akasema, "nasikia." Na kweli alisikia: maji, kicheko cha wengine, pumzi za kijana anayejizuia kutapika, halafu pole pole kijana huyo huyo anaanza kuifanya adhabu iwe mchezo wa jukwaani hadi wanaomcheka wanashangilia. Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka 2012, na tukio hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini. Sehemu ya mwisho, ya polisi na risasi, inakimbizwa kuliko hadithi ilivyohitaji. Lakini zaidi ya miaka kumi imepita na ile hali ya mtu mmoja kuwa na kazi mbili, mchana mazoezi ya mchezo wa kuigiza pamoja na watoto wa wenye nacho, usiku kufungua vipuri vya magari ya watu, haijazeeka hata kidogo.

Filamu hiyo ilitokana na mafunzo yaliyoendeshwa na One Fine Day Films ya Ujerumani kwa kushirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Mafunzo hayo hayo ndiyo yaliyoleta Soul Boy ya Hawa Essuman, Kati Kati ya Mbithi Masya, na mwaka 2018 Supa Modo ya Likarion Wainaina.

Supa Modo ndiyo iliyomshinda msimulizi. Jo ana miaka tisa, anapenda mashujaa wa filamu, na ugonjwa alionao hautapona. Filamu haimfichi mtazamaji jambo hilo. Mama yake, ambaye ni mkunga, anataka mtoto akae ndani apumzike. Dada yake Mwix anataka siku zilizobaki ziwe na kitu, akawashawishi wanakijiji wote wajifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu. Binti alisimulia vizuri hadi katikati. Kisha akawa anachelewa, sentensi zikawa fupi, na mwishowe akanyamaza kabisa na kumshika bibi yake mkono. Shangazi hakudai aendelee. Stycie Waweru, aliyecheza Jo, ana sauti isiyoomba kuhurumiwa, na kwa mtu anayesikiliza tu, sauti hiyo inafanya kazi yote.

Mabishano yalikuja filamu ilipokwisha. Mkewe mwandishi alisema Mwix ndiye aliyemwelewa mtoto. Shangazi hakukubali. "Wote mnamwonea mama yake," alisema. "Mtu anayezalisha watoto wa wenzake kila siku, leo wake anamtoka, mnataka aruke na kucheza?" Mwandishi amekuwa akilifikiria neno hilo tangu siku ile, na anaamini ndipo ubora wa filamu ulipo: mwongozaji hakumfanya mama adui. Filamu nyingi za watoto zingemtafutia mtu mzima mmoja wa kuchukiwa. Hii haifiki dakika 80 na imempa kila mmoja sababu yake.

Sasa filamu za Bongo. Hapa mwandishi hana namna ya kusema polepole, kwa kuwa anaipenda tasnia hii na alikuwepo ilipochipuka. Filamu ya Girlfriend ilipotoka, mwaka 2003, watu wa Dar es Salaam walijiona wenyewe kwenye kioo na wakafurahi. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofika viwanja vya Leaders Kinondoni kumuaga ulionyesha kwamba watazamaji wapo, wana mapenzi, na hawajaomba ruhusa ya mtu kupenda. Filamu zile ziliuzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, diski mbili kwa hadithi ambayo mara nyingi ilitosha moja, na watu walinunua zote mbili.

Lakini weka moja kati ya hizo mbele ya shangazi na binti. Feni inavuma kuliko mwigizaji. Jenereta la jirani limo. Kinanda kinaingia wakati wa huzuni, kinapanda, kinafunika maneno, na anayelia halafu akasema jambo muhimu hasikiki kabisa. Mtu anakwenda kumtembelea mwenzake: honi, geti linafunguliwa, gari linaingia, mlango wa gari, viatu kwenye vigae, hodi, karibu, kaa, utakunywa nini. Shangazi, ambaye hatua zote hizo alizifuata kwa sikio bila msaada wa mtu, aliuliza, "Kwani huyu hajafika tu?" Upande wa binti ulikuwa mgumu zaidi. "Wamekaa, bibi." Baada ya muda: "Bado wamekaa." Filamu nzima kwenye makochi, watu wakielezana mambo ambayo sote tumeshayasikia.

Jibu la haraka la watayarishaji huwa ni fedha. Mwandishi halikubali, na Wakaliga inamuunga mkono. Kumkata mtu asiendelee kusema jambo lililokwisha kuonekana hakuna gharama. Kuzima feni wakati wa kurekodi hakuna gharama. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo ni rahisi kuliko kukodi gari la kifahari la kupitisha getini. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka kwenye eneo la kurekodia ambaye kazi yake ni kusikiliza tu, mwenye haki ya kusema rudieni, sijasikia.

Kwa upande mwingine, mchekeshaji Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alifanya kazi ndani ya hali hizo hizo, sauti mbovu na makochi yale yale, na shangazi humcheka mpaka anashika ubavu. Majuto alijua kusita. Aliulizwa swali, akaacha nafasi, akaguna, ndipo akajibu, na katika ule mguno mtu alishajua uongo unakuja. Alikuwa na Kiswahili cha Tanga kisichoomba radhi. Kijana anayetaka kuigiza afumbe macho na kumsikiliza mzee huyu kwa saa moja. Atatoka na mengi.

Kutoka pwani hiyo hiyo, lakini upande wa Kenya, ilikuja dokumentari ya Maia Lekow na Christopher King, The Letter, ya mwaka 2019. Kijana Karisa, mkazi wa Mombasa, anapata habari kupitia Facebook kwamba bibi yake kijijini Kilifi anaitwa mchawi na ndugu wa damu. Anapanda kwenda. Katika maeneo yale wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba. Filamu haipigi kelele juu ya hilo. Inakaa na bibi mwenyewe, mwanamke aliyepita miaka 90, akilima, akicheka, akiomba dua. Shangazi alimpenda tangu alipomsikia, akawa anamjibu kana kwamba wako baraza moja: "Ehe. Waambie." Alitaka kujua shamba lina ukubwa gani, limepandwa nini, minazi iko mingapi, na binti ikabidi asogee karibu na kioo kuhesabu. Maswali hayo ya minazi yalimwonyesha mwandishi kwamba shangazi amekwisha kuifikia hoja ya filamu kabla ya yeyote pale sebuleni.

Augure ya Baloji ilikuwa kinyume cha hayo yote, na ni vizuri ilikuja, kwa kuwa ilizuia mizani ya sebule isijifanye sheria. Baloji ni mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji. Filamu yake ya kwanza ndefu ilipata tuzo Cannes mwaka 2023. Koffi anarudi Kongo na mchumba wake Mzungu mwenye mimba, damu ya pua inamdondokea mtoto mchanga wa ndugu yake, na ukoo unaona uchawi. Humo mnasemwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili kidogo. Shangazi alishika vipande, akachoka, akaenda kulala. Binti naye alijaribu kuisimulia akashindwa, si kwa kukosa cha kusema bali kwa wingi: mavazi, vinyago, rangi, maandamano ya watu wasiojulikana wanakwenda wapi. Mwandishi aliitazama hadi mwisho na anaiweka miongoni mwa bora alizoziona miaka ya karibuni. Hadithi inatawanyika sana katikati, lakini jicho la Baloji halina mfano. Zipo filamu ambazo asiyeona atakosa karibu zote, hata asimuliwe na nani.

Ya mwisho katika duru hii ilikuwa The Empty Grave, ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2024. Wanandoa wa Songea, John Mbano ambaye ni mwanasheria na Cesilia Mollel ambaye ni mwalimu, wanatafuta fuvu la babu mkuu wa John, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Kichwa kilikatwa, na inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Pamoja nao kuna ukoo wa Kaaya wa Meru, unaomtafuta Mangi Lobulu aliyenyongwa 1900. Kichwa cha Songea hakijulikani kilipo, na filamu inakwisha hakijapatikana.

Jioni ile usimulizi ulihitajika kidogo sana. Watu wenyewe walisema, kwa Kiswahili cha Kusini, bila haraka, na sauti zilirekodiwa na mtu aliyejali. Mkewe mwandishi, ambaye kwa kawaida hushika simu filamu ikiendelea, aliiweka chini. Kilichomvuta ni Cesilia: mwanamke aliyeolewa katika ukoo huo, ambaye marehemu si babu yake wa damu, lakini ameubeba msiba huo kuliko wengi waliozaliwa nao. Shangazi naye alikuwa na lake. Alitaka asikie zaidi kuhusu Songea mwenyewe, alikuwa mtu wa namna gani, alizungumzaje na watu wake. Mwandishi anaona filamu imefanya sawa kukaa na walio hai. Vita vyenyewe vina vitabu, na uvumilivu wa familia hii haukuwa na mahali popote pa kuhifadhiwa. Hawakuafikiana.

Waliafikiana juu ya jambo moja. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha, na habari hiyo ilifika kila nyumba yenye redio. Filamu inayoeleza msamaha huo ulikuwa wa nini imetembea kwenye matamasha, ambako wazee wa Ruvuma, Meru na Kilimanjaro hawafiki. "Hii waiweke baada ya taarifa ya habari," shangazi alisema, na mwandishi anaunga mkono kwa nyongeza moja. Sehemu za Kijerumani na Kiingereza zisiachiwe maandishi ya chini ya kioo, ambayo wazee hawayaoni na wengine hawayasomi. Ziwekewe sauti ya Kiswahili ya mtu anayejua kusimulia, alipwe, na jina lake liandikwe pamoja na ya waongozaji.